Mahema ya Hajati na Nyuzi Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba
Programu yangu imeanza kazi leo Mengo, ofisini kwa Hajati Kaltumi, anayekodisha mahema na viti vya harusi na matanga. Imewaka, haikuzimika. Hajati ni mama yake Husnah wangu. Amesema wazi: ikimaliza wiki bila kumwaibisha mbele ya wateja, nitume wazee wangu waje kuposa. Ikimwaibisha, yeye anarudi kwenye kaunta buku lake, daftari lake la oda, na mimi narudi Bwaise nilikotoka.

Ina nyuzi mbili, yaani wafanyakazi wawili ndani ya kompyuta moja. Mmoja anaandika oda anazopokea Hajati. Mwingine anaandika oda zinazotumwa kwa simu na dada yake wa Kasubi. Orodha ni moja, wanaandika wote kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Kasi ya ajabu! Alal, binti fundi wa kompyuta wa ghorofa ya juu, alichungulia akauliza kufuli la orodha liko wapi. Nikamwambia hapa si ghala. Akacheka. Simpendi akicheka.

Jumanne, 7 Oktoba
Hema kubwa lilibaki moja. Uzi wa Hajati ukaona lipo, ukawapa watu wa harusi. Uzi wa Kasubi, sekunde ile ile, nao ukaona lipo, ukawapa watu wa matanga. Banange! Nimekimbilia kwa Rajab, mshindani wa Hajati, nikaazima la kwake. Lina jina lake ubavuni, herufi kubwa kuliko mimi. Nimemwambia Hajati ni hema letu jipya. Hakuuliza. Nadhani hakuvaa miwani.

Alal kasikia. Kasema weka kufuli moja, anayeandika alishike, mwenzake angoje mpaka amalize. Mwanamke huyu ana wimbo mmoja tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata dawa isiyo na kufuli! Nimeuamuru uzi wa Kasubi usinzie nusu sekunde kabla ya kuandika. Anayechelewa hagongani na mtu. Nyumbani nimejaribu mara mia, mara mia safi. Lakini kompyuta ya Hajati ni kuukuu, na uzi wake nao unahitaji nusu sekunde ya kuvuta pumzi. Wakakutana mlangoni kabisa. Viti mia mbili vya kwanjula ya Jumamosi, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, vikatoweka kwenye orodha. Bahati Hajati alikuwa navyo kichwani. Akaomba aletewe chai.

Husnah alipiga simu. Akanisihi nimsikilize Alal, sauti ikitaka kulia. Imeniuma, sifichi. Nimemwambia nina mpango.

Ijumaa, 10 Oktoba
Haya, kufuli. Lakini si moja kama la Alal! Nimeweka mawili, la mahema na la viti. Usalama mara mbili. Nikaenda kuswali nimetulia.

Narudi, skrini imeganda. Uzi wa Hajati umeshika kufuli la mahema, unangoja la viti. Uzi wa Kasubi umeshika la viti, unangoja la mahema. Hakuna anayeachia. Mteja yuko kwenye simu, Hajati anamwambia asubiri kidogo, mara ya tisa hiyo, huku anaipiga kibodi kwa kiganja. Nilijifungia chooni kwa jirani. Nilimwona Husnah akiolewa na mwingine, chini ya hema la Rajab.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kumbe jana, nikiwa chooni, Husnah alimwita Alal! Dakika kumi tu. Ametoa makufuli yangu, kaweka moja. Uzi mmoja ukiandika, wa pili unangoja kidogo, huwezi hata kuona. Mteja alikuwa bado hajakata simu. Leo harusi nne, kwanjula mbili, kila hema limefika kwa mwenyewe.

Husnah kamwambia mama yake kwamba mimi ndiye niliyemtuma Alal. Hajati akasema mwanamume anayejua kumwita aliyemzidi ujuzi si hasara, wazee waje kesho. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Halafu nikaingia stoo ya viti, nikalia kwa furaha. Alhamdulillahi!

Jumapili, 12 Oktoba
Watu wengine wakipanga nikahi hutuma mjumbe mmoja, wakangoja jibu, ndipo watume wa pili. Uzembe! Mimi nimetuma wawili kwa mpigo. Baba mdogo Zubairi kwa Hajati, Mengo. Shangazi kwa baba wakubwa wa Husnah, Kasubi. Kila mmoja nimempa ruhusa kamili ya kukubali tarehe papo hapo, bila kumngoja mwenzake.

Saa nane baba mdogo karudi anatabasamu: nikahi ni tarehe kumi na tano Novemba, Mengo, Hajati ameshaanza kualika watu. Saa nane na nusu shangazi naye huyo, anatabasamu zaidi: tarehe ishirini na mbili, Kasubi, nao wameshaanza kualika.

Nusu saa, nimekubaliwa mara mbili. Ningemsikiliza Alal, hadi sasa ningekuwa bado nangoja.