Domomwiko wa Mama Nafula

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya naibu chifu.

Mnakijua kinamasi kilicho chini ya kwetu, upande wa Endebess. Majirani wanataka kukichimbia mtaro, maji yatoke, wapande mahindi. Mimi peke yangu nimekataa. Humo hutua domomwiko, ndege mweupe mwenye mdomo bapa kama mwiko wa ugali, anayeupitisha majini huku na huku akitafuta samaki. (Ndege nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na darubini iliyopasuka jicho moja.) Naibu chifu akasema aonyeshwe huyo ndege, la sivyo tingatinga liingie.

Jana nikampata! Mweupe, ng'ambo ya matete, amesimama kwa mguu mmoja. Nikamtazama asubuhi nzima. Hakusogea. Kitabu kinasema hupumzika hivyo. Nikaridhika.

Leo nikawaleta wote. Nikawaomba wapige magoti, wasiongee. Wakapiga, hata naibu chifu na kofia yake. Nikaeleza kwa kunong'ona: mguu, shingo, tabia.

"Na mbona hasongi?" naibu chifu akauliza.

"Amelala, bwana chifu."

"Ati amelala na jua yote hii?"

"Ndivyo walivyo." (Nilisema hivyo. Kwa sauti ya mtaalamu.)

Jirani yangu Mama Nafula akainuka, akashika kiuno.

"Mwalimu, si hiyo ni gunia yangu ya mbolea?" (Wananiita Mwalimu kwa dhihaka, sikufika sekondari.) "Nilifunga kwa mti nifukuze korongo. Walikuwa wananifukulia mahindi, bana!"

Kisha upepo ukavuma, domomwiko wangu akageuka, akatuonyesha maandishi kifuani: kilo hamsini.

Kicheko hicho nadhani kilisikika Kitale mjini. "Mwalimu, akitaga utuite!" mtu akapaza sauti.

Nikamuuliza Mama Nafula kama gunia limesaidia.

"Sana! Tangu niweke, hakuna ndege imetua hapa. Hata hao wako weupe."

Yaani shahidi niliyemleta ndiye aliyewafukuza wenzake wote.

Naibu chifu akapangusa matope magotini. "Haya, tumeona," akasema, akampigia simu mwenye tingatinga.

Naandika haya nikilisikia likinguruma huko chini. Wanaotaka kucheka, naomba wangoje linyamaze.