Lusini, Mayai na Cherehani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Mdomo umeniponza. Mama mkwe anahamia ghorofa ya tatu Jumamosi, nami mbele ya ukoo mzima nimeahidi kupandisha cherehani yake ya miguu ya chuma. Peke yangu. Shemeji, kaka wa mke wangu, akauliza kama nitaibeba au nitaisindikiza. Walicheka hadi watoto. Lazima nipate misuli kabla sijaumbuka.

Jumanne, 10 Juni
Nimempigia mpwa wangu, mwalimu wa biolojia. Kwa kuwa natunza stoo ya kampuni ya ujenzi, alinieleza kwa lugha yangu. Protini tunayokula huvunjwa kuwa asidi amino, matofali ya msuli. Ila mojawapo, lusini, ni tofali na msimamizi papo hapo. Ikifika, inauamuru msuli uanze kujenga. Akaanza habari za mazoezi, simu ikakatika. Nilikata mimi.

Nikawaza. Kwetu msimamizi akifoka kazi inaenda, tofali liwepo lisiwepo. Nimenunua kopo la unga wa lusini tupu. Chungu kama shubiri! Chakula nimewaachia watoto.

Jumatano, 11 Juni
Njaa. Nimempigia mpwa tena. Mpwa alicheka kwanza, shikamoo ikafuata. Kasema, mjomba, umeleta msimamizi bila matofali. Mafundi watabomoa ukuta wa jikoni wajengee sebule. Kumbe! Nikahamia kwenye mayai, moja kila nilipokumbuka. Trei imekwisha. Mke wangu anauliza keki ya mtoto ataipika na nini.

Alhamisi, 12 Juni
Mkono nimeupima kwa utepe: uleule. Mpwa anasema msuli ukishapata protini ya kutosha huziba masikio kwa saa kadhaa, hata damu ifurike asidi amino. Kinachouzibua ni mazoezi. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akaniaga kwa heshima.

Ijumaa, 13 Juni
Nimehamisha mifuko ya saruji kutoka upande mmoja wa stoo hadi mwingine, kisha nikairudisha. Nilijiona simba. Jioni shati lilinishinda kuvua. Mke wangu akanivua, akacheka hadi akakaa sakafuni, nami nikacheka, mbavu zikilia. Mpwa kasema sasa misuli inasikia. Nile mlo wa kawaida, nipumzike, nirudie kwa miezi. Miezi! Mkwe anahama kesho.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeikumbatia cherehani. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikagoma, au niligoma mimi. Shemeji akaja kwa kiherehere kunionyesha kazi, mgongo ukamkamata palepale. Mama mkwe akasema, wanangu, hebu nipisheni. Amekanda unga wa bekari maisha yake yote. Akaibeba, akapanda nayo huku akituuliza kama tumekula. Watu wakashangilia. Mimi nilipiga vigelegele tu, maana mikono haikunyanyuka kupiga makofi.

Jumapili, 15 Juni
Raha iliyoje! Mama mkwe kawaambia wote kwamba mkwe wake ana moyo. Shemeji kanuna. Kwa furaha nimeahidi kumpandishia na friji mwisho wa mwezi. Peke yangu. Kosa langu nimeshalijua: ni yale mazoezi. Misuli ilikuwa inajijengea vizuri na mayai, mimi nikaenda kuisumbua kazini.