Nilivyomuua Bibi Mshona-Mawingu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimeua! Kitabu changu cha tano kimetoka kiwandani leo, na ndani yake Bibi Mshona-Mawingu amekufa. Kazi safi. Mchawi mkuu wa ufalme wangu wa angani, anayeshona mbingu zikichanika, chali.

Sababu ninayo. Mwaka jana Bwana Skafu alimuua mfalme katika riwaya yake ya majoka. Watu wakalia, wakamkabidhi kikombe. Bwana Skafu ni mwandishi mwenzangu, namwita hivyo kwa sababu skafu haimtoki shingoni hata jua likichoma lami. Mimi ndiye mtu wa kuachwa nyuma? Mimi niliyezunguka dunia nikimenya viazi melini? Shule niliiacha kabla haijaniacha, ndiyo, lakini majoka yangu yanaruka juu kuliko yake.

Jambo dogo. Mtaa mzima unajua Bibi Mshona-Mawingu ni nani. Ni Dada, fundi cherehani, aliyenilea wazazi walipofariki. Kila sura huwa namsomea akishona. Hii sikumsomea. Macho yanamsumbua siku hizi, yana ukungu, sikutaka kumchosha.

Uongo. Niliogopa.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Balaa! Wateja wamekwenda kibandani kwa Dada kumpa pole. Mwenye bucha kaniambia mbele za watu kwamba ningekuwa na akili ningemuua waziri wa fedha wa ufalme, hakuna ambaye angemlilia. Mwalimu mstaafu wa jirani hakuitika salamu yangu.

Dada hakuelewa anapewa pole ya nini. Muuza vifungo, mwanamke asiyejua kunyamaza, akamsomea sura nzima, tena kwa sauti. Inasemekana Dada alisikiliza mpaka mwisho, akakunja futi yake ya kupimia, akaomba uzi mweusi.

Suruali yangu imerudi jioni. Mguu mmoja umekunjwa pindo, mwingine unaburuza chini. Huyo ndiye Dada akikasirika. Hatukani mtu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Amenena. Nilikwenda na maneno yangu matamu kuhusu sanaa, kwamba mwandishi mkubwa lazima awe na moyo wa jiwe. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kufa si neno, mdogo wangu, kila mtu atakufa, hata huko kwenye farasi wenye mabawa. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu. Bibi alizikwa na nani?

Nikamwambia na kobe. Kobe wa mawinguni, wenye hekima.

Na Mwana wa Mfalme, yule Bibi aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa wapi?

Nikasema alikuwa mlimani anavishwa taji.

Akauliza, hata salamu hakutuma?

Mimi! Mimi niliyewahi kumnyamazisha askari wa forodha kwa lugha tatu nisizozijua! Nilitafuta mlango. Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu. Kuvishwa taji kumekula kurasa na kurasa, mpaka vito nimevitaja kimoja kimoja. Mazishi ni mstari mmoja na nusu, na hiyo nusu nawasifia kobe.

Mwana wa Mfalme ni mimi. Hilo nalo mtaa mzima unalijua.

Imeniuma. Sijui aibu hii niiweke wapi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Akili ni nywele! Nimepata dawa. Bibi hakufa, alilala tu. Nimeandika karatasi ndogondogo zisemazo hivyo, nikachukua gundi, nikaingia duka kubwa la vitabu kuzibandika katika kila nakala. Baadaye nikaona ni bora zaidi kuzigandisha kabisa kurasa za kifo, zisifunguke. Msomaji ataruka moja kwa moja kwenye vita. Atanishukuru.

Mwenye duka akanidaka na gundi hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia mimi ndiye mwandishi. Akageuza kitabu, akaitazama picha iliyo nyuma, akanitazama mimi, akasema mwandishi ana nywele. Nikatolewa nje kwa ukosi wa shati.

Na nani alikuwa mlangoni anawatilia watu sahihi? Bwana Skafu. Akanishika mkono, akanipa pole ya msiba. Hakucheka. Mnafiki mkubwa. Mkono wake ukaganda na wangu, ikabidi tuagane mara mbili.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Dada ameniita mwenyewe! Jumatano anafanyiwa upasuaji wa jicho. Daktari kasema aje na mtu wake, amngoje, amrudishe nyumbani akiwa amefungwa bandeji, akae naye. Muuza vifungo alijitolea, Dada akakataa. Ananitaka mimi. Akasema huku si kitabuni, mdogo wangu, huku ukisema unakuja, njoo.

Nikaapa kwa kaburi la mama. Tukanywa chai. Akanimalizia ule mguu wa suruali, uso umekaribia kugusa sindano. Sikujua hali imefika huko. Tangu lini haoni? Mimi naketi pale kila siku namsomea kuhusu macho ya majoka.

Kuonyesha nimebadilika, naandika sura mpya kwa ajili ya toleo la pili. Bibi anaugua, Mwana wa Mfalme anakataa taji, anakaa kando ya kitanda chake wala hasogei. Mchapishaji amekubali, mradi aipate Jumatano.

Jumatano, tarehe 13 Machi
Niandike tu.

Tulifika hospitali mapema. Benchi ngumu, harufu ya dawa. Dada alinishika mkono wa shati, yeye ambaye hashiki mtu. Akaniuliza kama nitakuwepo akitoka. Nikamwambia Dada, mimi ni mnazi, sing'oki. Akaingizwa ndani.

Sura yangu ilikuwa mfukoni, imekamilika, tamu mpaka inatisha. Mchapishaji akapiga simu. Mitambo inangoja, nisipoileta sasa hivi anaingiza kazi ya Bwana Skafu. Nikapima. Kiwanda si mbali. Nitakwenda na kurudi kabla hajazinduka. Na sura yenyewe si kwa ajili yake?

Nilikwenda. Mpanga kurasa aliisoma akafuta machozi. Nikawasomea wote kwa sauti, kisha nikarudia, maana waliomba. Hakuna aliyeomba.

Nikarudi, benchi tupu. Muuguzi akaniambia mgonjwa alitoka akaita mdogo wake, akaita tena. Bwana mmoja mwenye skafu, aliyemleta mama yake kwa tatizo hilohilo, ndiye aliyewachukua wote wawili na kuwarudisha makwao.

Nimekimbia mpaka nyumbani kwa Dada, mimi na kitambi changu. Mlango wazi. Yeye kwenye kiti, bandeji jichoni, na Bwana Skafu kando yake anamsomea. Kitabu changu cha kwanza! Joka langu analitolea sauti nzito kuliko nilivyowahi kulitolea mimi.

Akainuka, akanipisha kiti. Akanieleza bandeji ifunuliwe lini kutia matone, na kwamba Dada asiiname. Akaaga. Hata neno la kunichoma hakusema. Heri angelisema!

Dada akauliza ni nani huyo aliyeingia. Nikasema ni mimi.

Akasema, aa.

Basi. "Aa" tu.

Alhamisi, tarehe 14 Machi
Nimelia kama mtoto. Nimeshinda kando yake tangu asubuhi. Matone ya kwanza nilitia puani. Uji nimeuunguza, kaula wote. Nikaanza kuomba msamaha, akaniambia nyamaza usome.

Nikamsomea sura mpya. Mwana wa Mfalme anavyoukataa ufalme, anavyoushika ule mkono, anavyokaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni nzuri, haijapata kutokea. Kisha akasema angependa siku moja amjue huyo kijana.

Nimeelewa. Safari hii nimeelewa kabisa. Nimepiga magoti nikamwapia kwamba siondoki hapa mpaka bandeji itoke. Akanipapasa kichwa, akasema haya.

Mchapishaji amepiga simu sasa hivi. Watu wa redio wameisoma sura, wamelia. Wananitaka kesho asubuhi, hewani, nifundishe taifa namna ya kukaa na mgonjwa. Nimekubali, ni kwa faida ya wagonjwa wote. Matone nitayaweka karibu na mkono wake, na redio nitaiwasha kwa sauti kubwa, ili anisikie kama vile niko hapa.