Lugha ya Kwanza Isiyo na Cheti

Nina furaha kuwatangazia wananchi wa Moncton, mji wetu hapa Kanada, kwamba Idara ya Uthibitisho wa Lugha, ambayo mimi Rosaire Melanson ni mkurugenzi wake, imegundua kasoro kubwa iliyojificha vinywani mwao. Wanaojifunza Kifaransa ukubwani wana vyeti, hesabu ya saa za masomo na sahihi ya mwalimu. Waliozaliwa nacho hawana hata karatasi moja. Wanaongea tu.

Waraka ulitoka siku hiyohiyo. Mtumishi wa umma asiyeweza kuthibitisha alivyojifunza lugha yake ya kwanza asiitumie kazini, na Oktoba ikiisha hana cheti, kazi hana.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa Eulalie Cormier, mpishi wa shule, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Nilimsomea fomu kwa upole, kipengele kwa kipengele.

"Mwalimu wako nani?"

"Mama yangu."

"Alikuwa na stashahada?"

"Alikuwa na watoto tisa."

"Mahudhurio yako yana ushahidi gani?"

"Bwana mkubwa, nilikuwa nanyonya. Ningetorokea wapi?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa fomu haina nafasi ya kicheko. Nilimgongea muhuri wa ukimya wa muda, naye akajifuta macho kwa aproni. Sitaficha, niliona haya. Niliiandika haya hiyo kwenye faili, chini ya Mengineyo.

Kwa wiki tatu Eulalie aligawa supu ya kuku na viazi bila kutamka neno, akielekeza kwa mwiko, na watoto wakiomba nyongeza kwa vidole. Aliyeruhusiwa kuongea Kifaransa jikoni mle alikuwa msaidizi wake Temesgen, baba wa watoto watatu kutoka Ethiopia, aliyekuwa na miezi kumi na minne tu nchini na cheti cha daraja la kwanza. Nilimsifu redioni. Huyo, nilisema, ndiye tunda la ujifunzaji wa kitaalamu.

Redio ina wasikilizaji wengi mno. Makao makuu yalituma wakaguzi wawili waje kuchunguza utaalamu huo ili usambazwe jimbo zima. Walifungua faili la Temesgen. Penye jina la mwalimu alikuwa ameandika Eulalie Cormier, na penye mahali pa mafunzo, jikoni.

"Shule ya jioni je?" mkaguzi mmoja alimuuliza.

"Niliiacha wiki ya pili, mzee. Kule walinipa majedwali. Huyu mama alinituma chumvi nikamletea sukari, akanigombeza mpaka nikaelewa."

Wakaguzi walishauriana. Cheti cha Temesgen kilikuwa halali, maana mtihani alifaulu, kwa hiyo mwalimu wake alikuwa halali, na kwa mujibu wa waraka wangu, mwalimu halali hahitaji cheti. Eulalie alirudishiwa sauti yake mchana uleule, akaitumia mpaka jioni. Katika Moncton nzima hakupatikana mwalimu mwingine wa lugha ya kwanza anayetambulika.

Kisha wakaomba cheti changu.

Niliwaeleza kwamba mwalimu wangu yupo hai, ana miaka themanini na minne, nikampigia simu mbele yao anitilie sahihi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Rosaire, mwanangu, nimekusikia redioni. Nikitia sahihi kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kuongea vile, majirani watanionaje?"

Basi nimeandikishwa darasa la wanaoanza, jikoni kwa Eulalie, asubuhi tatu kwa wiki, nikimenya viazi. Eulalie anasema mtoto huanza na maneno anayoyahitaji zaidi, na mimi amenichagulia moja tu: nimekosea. Nimelitamka wiki ya tatu sasa. Anatikisa kichwa, anasema bado halijatoka vizuri, na bila sahihi yake siruhusiwi kusema kitu kingine.