Ombi la Kupiga Marufuku Muziki Wangu wa Bomba Kavu

Jumanne, 14 Machi. Asubuhi ya mawingu, mvua hakuna.

Ndugu Meneja wa Maji,

Kwa heshima, na baada ya siku kumi na tisa bila maji, naomba ofisi yako ipige marufuku muziki wangu.

Mimi ni karani wa masjala. Jioni hutunga muziki kwa kompyuta. Nilirekodi bomba letu kavu likikohoa hewa, nikaurefusha mlio huo hadi dakika arobaini, nikauita "Kiu ya Umma". Ni muziki wa siasa. Hakuna aliyegundua. Nanukuu shajara yangu:

1. Nilipoupiga dirishani, wapangaji wote walitoka na ndoo. Kila mtu anajua bomba hukohoa hivyo maji yakikaribia. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini akaniuliza, "Dada, unatufanyia nini?" Nikamjibu kwamba ninauamsha umma. "Umeuamsha kweli," akasema. "Uko nje na ndoo."

2. Niliupeleka langoni kwako na spika kubwa. Nilitegemea virungu, nilivaa hata viatu vya kukimbilia. Mlinzi wako akaniletea kiti, akanishauri nipeleke spika kwa fundi, maana inakwaruza.

3. Mama yangu anawaambia wageni kwamba ninajifunza ufundi bomba.

4. Hili ndilo kubwa. Fundi bomba wako alisimama pale langoni, macho kafumba, akasikiliza dakika kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuvuka dakika ya nne, pamoja na mimi mwenyewe. Kisha akatamka neno moja: "Valvu." Nikadhani ni uhakiki. Nimeandika kurasa tatu juu ya valvu kama dhana.

Kwa hiyo naomba barua yenye mhuri, iseme wazi kuwa muziki huu ni hatari. Nitaibandika mlangoni, fundi cherehani aisome.

Wasalimie wote ofisini, hasa mlinzi. Kiti chake nilikirudisha.

Mwananchi mwenye kiu,
Mtunzi, chumba namba sita

Nyongeza: Usiiandike barua hiyo. Jioni hii bomba lilikohoa, nikadhani ni spika. Nikaizima mara mbili. Kumbe ni maji. Fundi wako amebadilisha valvu mbovu iliyozuia maji ya mtaa mzima. Anasema aliisikia kwenye muziki wangu. Wapangaji sasa wananiheshimu sana. Taa ya ngazi haiwaki, na wameniomba niende nikairekodi. Nalala saa tatu na robo, nimeoga.