Ufunguo wa Koki Kuu

Jumatatu, 3 Machi
Wewe unayesoma, kama si mimi, nakuomba ulifunge daftari hili. Ukishindwa, basi angalau funga mdomo. Shangazi hasa asijue, maana ndiye mwenyekiti wa ushirika wa maji wa mtaa wetu, na ndiye anayenilaza na kunilisha.

Leo, katika ofisi ya ushirika ninakofanya kazi, nimetoka msalani nikamkuta Spana, fundi wetu wa pampu, anapima meza yangu, shangazi anamwandikia. Waliponiona, shangazi akaificha karatasi. Spana akaniuliza habari za tumbo. Tumbo langu halina habari yoyote!

Nina miezi minne kazini, na ndiyo kazi yangu ya kwanza. Wanataka kuniondoa, kisha wairudishie maji yetu ile kampuni ya zamani, iliyotuuzia kabla ya ushirika. Ushahidi sina. Hilo ndilo linalonitisha: wamejificha vizuri mno.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Bila ufunguo wa koki kuu, ile inayofunga na kufungua maji ya mtaa mzima, hakuna wa kumkabidhi mtu maji. Ni chuma kirefu kama mkono wangu, hukaa kando ya kabati, na mwanachama yeyote ana haki ya kuuchukua. Yeyote! Kaya mia mbili! Chuoni tulifundishwa udhibiti.

Nimeufunga kwa kamba chini ya meza yangu. Spana ameuliza mbona natokwa jasho. Nikasema ni joto. Akasema yeye amevaa sweta.

Alhamisi, 6 Machi
Meza haipo! Zimebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Kiti wamekiacha. Mtego. Sikukaa.

Saa mbili asubuhi bomba likapasuka mbele ya kibanda cha Mama Cherehani, mshonaji wetu. Maji yakaruka hadi juu ya paa. Spana akaja mbio kutaka ufunguo. Nikamwambia uko kwenye uhakiki. Akanitazama kama mtu anayesoma barua iliyogeuzwa kichwa chini.

Mama Cherehani akasema taratibu kwamba mtaro ule aliuchimba yeye na majirani zake, na kuna koki ndogo nyuma ya choo chake. Wakaifunga kwa koleo. Mmoja akaleta jembe, mwingine kipande cha bomba. Kabla ya adhuhuri maji yakawa yamerudi. Enzi za kampuni tungeandika barua na kungoja wiki tatu. Nakiri hilo, ila humu tu.

Ndipo seremala akatokea na meza mpya kichwani, ufunguo mkononi. Akauliza kwa upole nani hufunga vyuma chini ya meza mbovu. Mtaa mzima ukanigeukia.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano wa dharura. Spana alitaka nifukuzwe. Alisema walipima meza ili nipate isiyoyumba, na hawakuniambia ili iwe zawadi ya kushtukiza. Nikasimama nijitetee. Shangazi akasema, "Huyu ni wetu kama lile bomba lilivyo letu. Jana limevuja, tumeziba. Nani alisema tulitupe?"

Wakapiga kura. Nimebaki. Ufunguo utatundikwa ukutani, kila mtu auone.

Jumamosi, 8 Machi
Meza haiyumbi. Droo ina kufuli na funguo mbili, nami nimepewa zote. Nani hutoa zote mbili? Lazima upo wa tatu. Na kaya mia mbili zinawezaje kunisamehe kwa saa moja?

Nimeutoa ule ufunguo ukutani. Uko chini ya meza mpya. Safari hii nimetumia waya.

Ukinihitaji, usije ofisini, wala usimuulize shangazi. Gonga bomba la nje mara tatu, ngoja, kisha mara moja. Nikilifungua maji yakatoka, niko peke yangu. Yasipotoka, bomba la mtaa limepasuka tena. Usiwe na wasiwasi: ni mimi tu ninayejua ufunguo ulipo.