Komando wa Koma na Kumbukumbu ya Marehemu

Jamani, leo Jumamosi aibu imenikuta saa nne asubuhi, mbele ya projekta, nikiwa nimevaa koti.

(Koti lilikuwa limepigwa pasi. Ndicho kitu pekee kilichorudi nyumbani na heshima yake.)

Niwaeleze kwa mpangilio. Hapa Goma tuko tisa tunaojitolea kuhariri ensiklopedia ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaweza kuandika. Tunashughulikia makala za kompyuta kwa Kiswahili. Mahali pa kukutania hatuna. Sasa Mama Prefe, mkuu wa sekondari moja ya mtaa wa Katindo, alikuwa ametuambia: "Mukuje samedi, munionyeshe ile kazi yenu. Nikiona iko kazi, nitawapa ufunguo ya sale, ile chumba ya kompyuta. Nikiona ni michezo, kwaheri."

Wenzangu walinichagua mimi kuonyesha. Ilikuwa haki yangu! Nyumbani ni Bahati; mtandaoni naitwa Komando wa Koma. Hakuna mkato unaokaa vibaya nikiwa macho. Sentensi isiyo na rejeo naibandika onyo: "Weka chanzo!" (Mke wangu akisema chumvi imeisha, namwambia hivyohivyo. Hunionyesha kopo.)

Kesi ya kuonyesha nilikuwa nayo tayari. Kompyuta ina kumbukumbu inayotunza maagizo ya kuiwasha, ambayo inasomwa tu, haiandikwi upya ovyo. Vitabu vya Kifaransa huiita mémoire morte, kumbukumbu iliyokufa. Mtu fulani akaitafsiri "kumbukumbu ya marehemu". Makala yetu ikasomeka: "Kila kompyuta ina kumbukumbu ya marehemu ndani yake." Msomaji mmoja akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Poleni kwa msiba. Mazishi ni lini?"

Wiki nzima nilinguruma pale majadilianoni. "Aliyeandika haya hajawahi kugusa kompyuta! Napendekeza azuiwe kuhariri wiki mbili." Watatu wakaniunga mkono. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mombasa ndiye pekee aliyejibu kwa upole: "Komando mwanangu, tazama historia ya makala kwanza."

Sikutazama. Hata sentensi yenyewe niliiacha makusudi, kama ushahidi. Historia nilitaka kuifungua leo, Mama Prefe akiwepo, aone jinsi tunavyokamata watu.

Basi, Mama Prefe akakaa mbele, wenzangu nyuma yake, ufunguo juu ya meza. Nikaonyesha sentensi ya marehemu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Papa Bahati, sasa mutu anaweza kuandika bujinga kama hii, na watoto yangu wasome?"

"Ndiyo maana kuna historia, Mama! Kila neno linaonyesha aliyeliandika, siku na saa. Huku mutu hajifichi."

"Bon. Nionyeshe ule mujinga."

(Nami nikaitika, "Ndiyo, Mama." Kwa sauti. Nikitabasamu.)

Nikabofya. Mtandao ulikuwa mzito, ukurasa ukawa unafunguka mstari mmoja mmoja, kama hakimu asomaye hukumu bila haraka. Nikajaza muda kwa hotuba: uangalifu, uaminifu, uzalendo wa lugha. Nyuma yangu tarehe ikatokea. Miaka sita iliyopita. Kisha saa. Kisha jina, herufi ndefu kama mlango:

Komando wa Koma.

Kavira, mwenzetu muuguzi, akanong'ona mnong'ono wa kusikika hadi barabarani: "Komando, si ni weye?"

"Labda kuna mwingine," nikasema.

"Weka chanzo!" wakajibu wote wanane kwa pamoja.

Hapo nikakumbuka. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kuhariri, kitabu cha Kifaransa mapajani. "Iliyokufa" niliona ni neno kali. Nikatafuta la heshima. (Nani anakosa heshima kwa wafu? Si mimi!)

Mama Prefe alikuwa ameshaweka mkono juu ya ufunguo.

"Papa Bahati, haukuweza kufuta jina yako mbele ya mimi kuiona?"

"Hapana, Mama. Historia haifutiki. Hata mimi siwezi."

Akalitazama lile jina ukutani. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Miaka ishirini niko prefe, sijaona mwanaume ananionyesha kosa yake na projekta!" Akausukuma ufunguo upande wangu. "Kamata. Kila samedi. Lakini ule marehemu, mumuzike leo."

Tukamzika palepale. Kavira aliandika "kumbukumbu ya kusoma tu", mimi nikaweka chanzo, wengine wakahakiki, na Mama Prefe mwenyewe akaona koma imekaa vibaya. Ilikuwa yangu. Jamani, niliona fahari! Watu tisa, chumba chetu, na makala ambayo mtoto wa Katindo anaweza kuisoma bila kutafuta maiti ndani ya kompyuta.

Kisha nikaenda majadilianoni, nikaandika: "Mhusika amepatikana. Ni mimi. Wiki zangu mbili zianze leo."

Haikupita dakika, Mombasa ikajibu: "Pole kwa msiba, mwanangu."

Ufunguo uko mfukoni. Nauhesabu kuwa rambirambi. Nanyi msicheke, msiba bado mbichi.